Mbwa wa Ulinzi: Hukumu Yake, Haki Zake na Usalama wa Watoto

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Familia nyingi za visiwani, hasa zenye mashamba, mifugo au nyumba zilizo pembezoni, zina mbwa. Wapo wanaomfuga kwa kulinda, wapo wanaomtumia kuwinda nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo. Tatizo ni kuwa wengi wetu tunajua jambo moja tu kuhusu mnyama huyu, kwamba ni najisi, na kwa ajili hiyo tunamfunga nyuma ya nyumba na kumsahau. Hali ya kuwa sheria iliyomruhusu mbwa huyo ndiyo hiyo hiyo iliyompa haki juu ya mwenye kumfuga. Insha Allah tutaeleza mambo hayo kwa ufupi.

Yupi anayeruhusiwa?

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba. Katika Suratul Maidah, aya ya 4, Allah (S.W.) ametuhalalishia kinachokamatwa na wanyama wa kuwinda waliofunzwa. Wanachuoni wengi wamekisia hapo mbwa wa kulinda nyumba penye haja ya kweli. Ama kufuga kwa pambo au kwa kuiga watu, hakumo katika ruhusa hii.

Ndani ya nyumba si mahala pake, kwani imethibiti kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Banda lake liwe nje. Pia, katika madhehebu ya Imam Shafi'i hairuhusiwi kumuuza wala kumnunua. Mwenye haja apewe na ndugu au jirani, na fedha yake aitumie katika chanjo na chakula.

Najisi yake na namna ya kujitoharisha

Kwa Mashafi'i, ambao ndio wengi visiwani, mbwa ni najisi nzito: mate yake, jasho lake na mwili wake. Wanachuoni wa Kimaliki wana rai nyepesi zaidi, lakini tunaeleza yale yanayofuatwa na watu wa hapa.

Ukimgusa naye mkavu, nawe mkavu, hakuna cha kuosha. Ikiwa mmoja wenu ana majimaji, au chombo kimerambwa, basi osha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Bora udongo uwe katika mwosho wa kwanza. Sabuni, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, haishiki nafasi ya udongo. Kumgusa mbwa hakutengui udhu. Kinachotakiwa ni kuondoa najisi kabla ya Swala.

Njia ya kuepuka taabu ni kumtengea sufuria na ndoo yake mwenyewe, na mtu anayemhudumia awe na nguo maalumu ya kazi hiyo. Watoto wafundishwe wasimkumbatie wala kumruhusu awarambe.

Haki zake juu yako

Hukumu ya najisi inahusu tohara yetu. Haikumtoa mbwa katika rehema. Mtume (S.A.W.) ametueleza habari za mtu aliyemkuta mbwa anahema kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake na kumnywesha, na Allah akamsamehe. Akaeleza pia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Mwenye kumfunga mbwa mnyororo na kumsahau siku mbili aitafakari hadithi hii ya pili.

Maji safi yawepo wakati wote, na kipindi cha joto yabadilishwe zaidi ya mara moja kwa siku. Mbwa mkubwa apewe chakula mara mbili kwa siku. Mtoto wa mbwa aliyeacha kunyonya apewe kidogo kidogo, mara tatu au nne. Ugali au wali uliochanganywa na dagaa, vichwa vya samaki vilivyopikwa na kutolewa miba, au utumbo uliochemshwa, vinamtosha. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika vipande vikali vikamtoboa tumbo. Vitunguu, chokoleti na mabaki yenye chumvi nyingi humdhuru.

Banda liwe na kivuli na sakafu iliyoinuka, ili masika maji yasimfikie. Kama lazima afungwe, kamba iwe ndefu, na afunguliwe kila siku ndani ya uzio akimbie. Mbwa anayeshinda amefungwa huwa mkali bila ya mpango, na anayeumwa mara nyingi ni mtoto wa nyumba ile ile. Mkaguliwe kupe na viroboto kila wiki, hasa masikioni na baina ya vidole. Apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Kinyesi chake kizolewe na kufukiwa mbali na kisima na mahala wanapochezea watoto, kwani mayai ya minyoo hubaki katika udongo, na mabuu yanayoanguliwa huweza kuwaingia wanaocheza pekupeku.

Jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka na huzaa baada ya kiasi cha siku 63. Mfungie ndani ya uzio kipindi hicho. Kuzalisha watoto wasiotakiwa kisha kuwatupa jaani ni dhulma, na ndiko wanakotoka mbwa wengi wanaozurura mitaani.

Chanjo na kichaa cha mbwa

Hili ndilo zito kuliko yote. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kinga yake ni chanjo ya mbwa, kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka au kama daktari atakavyoelekeza. Pemba ni ushahidi ulio karibu nasi. Kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa huu kisiwani, ukarudi mwaka 2016 baada ya chanjo kusita, na chanjo iliporejeshwa ukaondoka tena. Kwa hivyo ukisikia tangazo la chanjo katika shehia yako, mpeleke. Usione haya kuonekana na mbwa. Haya ipo katika kumwacha bila ya chanjo.

Mtoto akiumwa, akiparuzwa, au akirambwa penye kidonda, fanya haya:

1. Osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15.
2. Usipake majivu, pilipili, mafuta ya taa wala udongo. Udongo wa tohara hautiwi katika kidonda kibichi. Dini haimlazimishi mtu kujidhuru. Tibu kwanza, na suala la tohara muulize shekhe wako baadaye.
3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na uulizie sindano za kichaa cha mbwa. Zikianza, zimalizwe zote, hata kama kidonda kimepona.
4. Mpashe habari sheha au ofisi ya mifugo. Mbwa asiuliwe na kufukiwa kimya kimya. Akiwezekana kufungiwa kwa usalama, huangaliwa siku kumi, lakini matibabu ya mtoto yasingoje siku hizo.

Wazazi, waambieni watoto waseme kila wanapoumwa, hata kama walikuwa wakimchokoza mbwa. Mtoto anayeogopa bakora huficha jeraha, na kuficha huko kunaweza kumgharimu uhai.

Asiye na haja ya mbwa, kutomfuga ni salama kwa dini yake na kwa wanawe. Mwenye haja naye ajue kwamba ameshika amana, na kwamba ataulizwa juu ya kiumbe aliyemfungia mlangoni mwake.

Wallahu A'lam.