Pikipiki ya Magurudumu Matatu na Wanaoichagua

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye kila siku huiona bajaji ikijipenyeza baina ya mabasi, na guta likipita limesheheni madumu ya maji au mifuko ya saruji, hahitaji kufundishwa kwamba chombo cha magurudumu matatu kina manufaa makubwa kwa mtafuta riziki. Lakini huenda akastaajabu kusikia kwamba huko Marekani, Kanada na Ufaransa, ambako gari limekwisha kuwa chombo cha kawaida cha nyumbani, wako watu wengi wanaonunua pikipiki za magurudumu matatu kwa hiari yao, si kwa ajili ya abiria wala shehena, bali kwa raghba ya kuzipanda tu, na baadhi yao hutoa fedha ambazo zingetosha kununua gari jipya. Jambo hili lastahili kuelezwa kwa urefu, kwani kinachowavuta watu hao si anasa tupu, na tena ubora na udhaifu wa vyombo vyao hutokana na kanuni zile zile zinazoitawala bajaji ya mtaani kwetu.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni mwili wa binadamu. Pikipiki ya safari ndefu, mfano wa Honda Gold Wing, ina uzito unaopita kilo 360 kabla mpandaji hajaketi wala mzigo haujafungwa, na uzito huo, maadamu chombo kinakwenda, hausikiki hata kidogo, kwa kuwa mwendo wenyewe hukiweka wima. Bali pale kinapopunguza mwendo penye taa nyekundu, au kinapogeuzwa polepole juu ya kokoto za mteremkoni, ndipo mpandaji hulazimika kuutegemeza kwa mguu mmoja, na pikipiki ikishainama kupita kiasi hakuna nguvu za goti zitakazoizuia isilale chini. Kijana wa miaka 25 huinyanyua akaendelea na safari yake. Mtu wa miaka 65, ambaye goti lake limepasuliwa, au ambaye kiharusi kimemwachia udhaifu wa upande mmoja, hana uwezo huo, na aghalabu ni khofu ya kuanguka huko kwa mwendo wa kinyonga, wala si khofu ya mwendo wa kasi, inayomfanya aiuze pikipiki yake baada ya kupanda tangu ujana. Gurudumu la tatu humwondolea khofu hiyo mara moja. Harley-Davidson walipotoa Tri Glide, katika toleo la mwaka 2009, yenye magurudumu mawili nyuma na uzito wa zaidi ya kilo 500, waliitolea na rivasi ya umeme kwa anayeitaka, kwani walijua vema ni watu wa umri gani watakaoinunua, na kwamba chombo kizito namna ile hakirudishwi nyuma kwa kusukumwa na miguu.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa hii ni haja ya wazee wa ng'ambo peke yao. Dar es Salaam wamo madereva wa bajaji ambao miguu yao imelemaa, na kwao chombo hiki kimekuwa zaidi ya kazi, kwa kuwa pikipiki ya magurudumu mawili ilikuwa muhali kwao na gari halikuwa ndani ya uwezo wao. Breki ya bajaji hukanyagwa kwa mguu, lakini fundi wa kawaida wa mtaani huweza kuiungia fimbo ya chuma ikapanda hadi karibu na goti, dereva akaivuta kwa mkono, na kwa kipande hicho cha chuma mtu aliyekuwa akitegemea kubebwa akawa yeye ndiye anayewabeba wenziwe. Naona ushahidi huu unatosha kumjibu yeyote anayedai kwamba gurudumu la tatu ni dalili ya woga.

Wengine huvutwa na sheria. Katika jimbo la California mwenye leseni ya gari anaruhusiwa kuendesha pikipiki ya magurudumu matatu bila ya kuomba leseni nyingine. Na Ufaransa mwenye leseni ya gari anaweza kupanda baadhi ya pikipiki hizi, maadamu magurudumu yake ya mbele yameachana kwa kadiri iliyowekwa na sheria, na mwenyewe amepata mafunzo ya saa 7. Ndiyo maana barabara za Paris zimejaa skuta za magurudumu matatu, zikiendeshwa na mawakili na makarani waliovaa suti, ambao hawakupata kujiita wapanda pikipiki maishani mwao.

Chombo chenyewe si kigeni katika historia. Gari la Karl Benz, lililopewa hataza yake mwaka 1886, lilikuwa na magurudumu matatu. Lakini anayetaka kuona jinsi gurudumu la tatu lilivyoingia katika kazi za kila siku na aitazame Servi-Car, iliyotengenezwa na Harley-Davidson kuanzia mwaka 1932 hadi 1973. Fundi wa gereji aliipanda hadi nyumbani kwa mteja, akaifunga nyuma ya gari la mteja huyo kwa chuma cha kuvutia kilichokuwa mbele yake, kisha akaliendesha gari lile hadi gereji huku Servi-Car ikiburutwa nyuma; hivyo mtu mmoja akamaliza kazi iliyokuwa ikihitaji wawili. Polisi nao waliipenda kwa kazi ya kukagua maegesho: askari alipita taratibu kando ya magari, mkononi ana fimbo yenye chaki nchani, akitia alama kwenye tairi moja baada ya nyingine bila ya kushuka, na aliporudi baadaye akaikuta alama ile pale pale, alijua mwenye gari amepitiliza muda wake. Kazi kama hiyo, ya kwenda na kusimama mara mia kwa siku, ingemchosha vibaya mpandaji wa magurudumu mawili.

Sasa tuangalie aina zenyewe, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa kudhani kwamba matatu ni matatu, vyovyote yatakavyopangwa. Ni kweli kwamba kigoda cha miguu mitatu hutulia hata juu ya sakafu isiyo sawa. Lakini kigoda hakikati kona wala hakifungi breki. Chombo kinapokata kona uzito wake husukumwa upande wa nje, na kinapofunga breki husukumwa mbele, na yakitukia yote mawili kwa wakati mmoja uzito huelekea pembe ya mbele upande wa nje. Suala zima ni hili: je, katika pembe ile pana gurudumu?

Katika aina ya bajaji, Servi-Car na Tri Glide, yenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, pembe ile ni tupu. Ndiyo sababu abiria wa bajaji inayozunguka kipilefti kwa kasi husikia gurudumu la nyuma la upande wa ndani likitaka kuinuka. Uzito ukikaa chini, karibu na ekseli ya nyuma, chombo hutulia. Ukisogea mbele, ambako msingi wake ni mwembamba, au ukipanda juu, hupinduka upesi. Wamarekani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa: pikipiki za magurudumu matatu za porini, ambazo Honda walianza kuziuza huko mwaka 1970, ziliwaumiza watu wengi, na watoto wakiwamo, hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kabisa kuuza mpya. Pamoja na dosari hiyo, mpango huu una fadhila zake. Ekseli ya nyuma, yenye difu kama ya gari, hustahimili mzigo mkubwa. Nyuma hupatikana nafasi ya sanduku, au ya kiti kipana ambacho mke wa mpandaji aweza kukikalia mchana kutwa bila ya kuumwa na mgongo. Na mbele hubaki pikipiki ile ile aliyoizoea mwenyewe. Kwa mzigo na kwa mwendo wa wastani, sijui mpango ulio bora kuliko huu.

Aina ya pili imegeuzwa, mawili mbele na moja nyuma. Inayojulikana zaidi ni Can-Am Spyder, iliyotolewa mwaka 2007 na kampuni ya BRP ya Quebec, warithi wa Joseph-Armand Bombardier, yule aliyevumbua vyombo vya kwenda juu ya theluji. Hapa pembe ya hatari ina gurudumu lake, na breki zinapofungwa uzito huangukia magurudumu mawili yenye nafasi pana baina yake, kwa hiyo chombo husimama kwa uthabiti ambao pikipiki nyingi haziufikii. Juu ya hayo ipo kompyuta inayopima mwendo na kona, na ikihisi gurudumu linataka kuinuka hupunguza nguvu za injini na kufunga breki ya gurudumu linalohusika kabla mpandaji hajatambua kitu. Lakini chombo hiki hakilali konani. Mpandaji wa pikipiki ya kawaida huinama pamoja nayo, mwili wake ukabaki umetulia kitini. Wa Spyder hutupwa upande wa nje, akawa anajishikiza kwa mikono, na baada ya saa kadhaa za barabara yenye kona nyingi mabega humuuma. Zaidi ya hayo hakuna breki ya mkononi, ni ya mguuni tu, na mkono uliozoea kubana breki kwa miaka 30 hutafuta kisichokuwapo wakati wa dharura. Ndiyo maana wengi husema kwamba Spyder humkaa vizuri zaidi mtu ambaye hakupata kupanda pikipiki kabisa.

Aina ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye ustadi kuliko zote, ni ile yenye mawili mbele lakini inayolala konani kama pikipiki. Piaggio waliitoa MP3 mwaka 2006. Mtu akiinama kuitazama mbele ataona mikono minne ya chuma chepesi iliyoungwa mfano wa dirisha la msambamba, mwili wa skuta ukiinama dirisha nalo huinama, na magurudumu yote mawili yakainama kwa pembe ile ile, kila moja likiwa na shokomzoba yake. Faida yake huonekana siku ya mvua, juu ya mawe yanayoteleza au mfuniko wa chuma wa mtaro: gurudumu moja likiteleza, la pili bado limeshika. Na katika taa nyekundu, mpandaji akiwa karibu kusimama hubonyeza swichi kwa kidole, dirisha likajifunga, naye akangoja taa ya kijani miguu yake ikiwa juu. Yamaha nao walitoa Niken mwaka 2018, yenye injini ya mitungi mitatu ya karibu cc 850, kwa ajili ya wanaopenda kasi. Lakini hiyo haina kufuli la namna ile, na mguu sharti uteremke kama katika pikipiki nyingine yoyote. Hivyo anayetafuta gurudumu la tatu kwa ajili ya goti lake bovu akiinunua kwa kuvutiwa na umbo lake, atakuwa hakupata alichokitaka.

Imebaki pikipiki yenye kigari cha ubavuni, kama Ural zilizoundwa kwa miaka mingi katika mji wa Irbit nchini Urusi, zilizoigwa kutoka BMW R71 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hii ina tabia yake peke yake: kigari kikiwa kuliani, ukiongeza mafuta chombo huvuta kulia, ukifunga breki huvuta kushoto, na ukikata kona ya kulia kwa pupa kigari hupaa. Wanaoipenda huipenda mno, lakini yataka mtu wa subira.

Mtu wa Afrika Mashariki anayefikiria kununua mojawapo ya vyombo hivi na azipime barabara zake kwanza. Pikipiki ya magurudumu mawili huacha njia moja tu, nayo hulikwepa shimo kwa kupinda kidogo. Yenye magurudumu matatu yaliyopangwa kama ya bajaji au ya Spyder huacha njia tatu, na likikwepa shimo gurudumu la mbele mara nyingi la nyuma hulikuta. Upana wake nao huinyima ile fursa ya kupenya foleni inayowafanya watu wapande bodaboda. Wala isisahauliwe kwamba gurudumu la tatu huzuia kuanguka, halizuii kugongwa: mpandaji yuko wazi kama mwenzake wa magurudumu mawili, na kofia ngumu inamlazimu vile vile.

Hukumu yangu ni kwamba mwenye mzigo au abiria achague mawili ya nyuma na aende kwa wastani. Asiyepata kupanda pikipiki, au anayesafiri mbali katika barabara nzuri, achague mawili ya mbele. Na mpandaji wa mjini aliyezoea kulala konani achague ile inayolala, ahakikishe ina kufuli. Lakini yeyote atakayechagua, nawe msomaji ukiwa miongoni mwao, ajifunze upya katika uwanja mtupu kabla ya kuingia barabarani, hasa yule aliyepanda magurudumu mawili kwa miaka mingi, kwa kuwa mazoea yake ndiyo yatakayomponza. Atakapopunguza mwendo mguu wake utateremka wenyewe kutafuta ardhi, na katika pikipiki yenye mawili nyuma tairi la nyuma linakuja likiwa sawa na mguu ule, nalo huukanyaga. Iache miguu yako juu ya vikanyagio mpaka chombo kisimame kabisa.