Mkasi ulio ndani ya maziwa ya mama

Mama mmoja wa kanisa letu hapa Mashamba aliniuliza baada ya ibada: "Pasta, nikienda kuosha mawe, nyanya anampa mtoto maji na maziwa ya unga. Kuna ubaya gani?" Mtoto ana wiki sita. Nilianza kumjibu kwa habari ya machozi.

Mwaka 1921, huko London, daktari Alexander Fleming, akiwa na mafua, alitia kamasi yake juu ya vijidudu alivyokuwa akivikuza. Baadhi vikayeyuka. Akakuta nguvu hiyohiyo katika mate, katika ute mweupe wa yai na katika machozi, hata akawa anawakamulia wenzake limau machoni ili apate machozi ya kutosha! Kitu hicho akakiita lisozimu. Ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalumu. Kazi ya hii ni kukata.

Bakteria huzungukwa na ukuta uliofumwa kama wavu, kwa nyuzi za sukari. Lisozimu hukata nyuzi hizo. Ukuta ukilegea, maji huingia kwa nguvu, bakteria hupasuka. Chembe za mwili wetu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana machozi hayatudhuru.

Maziwa ya mama yana lisozimu mara elfu kadhaa kuliko ya ng'ombe. Lakini kijidudu cha kipindupindu, ambacho Lualaba tunakijua sana, kina ngozi ya nje inayoficha ukuta, na lisozimu peke yake haiufikii. Maziwa yana pia laktoferini, inayoiharibu ngozi hiyo. Mwaka 1991 watafiti walionyesha katika maabara kwamba moja peke yake ilikizuia tu kijidudu hicho. Zikiwa pamoja zilikiua.

Msinielewe vibaya. Hiyo si dawa: mtoto anayeharisha apelekwe kituo cha afya upesi. Wala maziwa yasitiwe kwenye jicho lililoingia vumbi la mgodi, kama wengine wanavyofanya.

Yule mama sasa ananyonyesha alfajiri, ananawa mikono, anakamua maziwa na kuyaacha katika kikombe safi chenye kifuniko. Saa za mchana dada mmoja wa kanisa anamletea mtoto anyonye. Nyanya bado ananiuliza kuhusu maji, kwa sababu ya jua. Ninamjibu: mpaka miezi sita itimie.