Gari Iliyokaa Kitako

Simama Darajani utazame Land Rover kuukuu ikiingia kutoka shamba: mbele imenyanyua pua, nyuma imekaa kitako. Mwenyewe atakwambia shokapu zimekufa. Shokapu haibebi mzigo. Kazi yake ni kuzuia gari isirukeruke. Inayobeba ni springi, yale mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Kisiwani kwetu mchanga na magunia huyanyoosha, na chumvi ya bahari huingia katikati ikayala, hata moja likavunjika ndani bila ya kuonekana.

Ubaya si umbo tu. Mzigo ukilalia nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi, usukani hautii vizuri, na usiku taa humpofusha anayekuja.

Mafundi wengine hulitia pande motoni wakalikunja. Litakaa kwa muda, kisha litalala tena, maana moto umeondoa ukakamavu wa chuma. Heri likunjwe kwa nyundo likiwa baridi, au ununue jipya. Kuongeza pande kutainyanyua gari, kweli, lakini ikiwa tupu itakurusha kama punda.

Kabla ya kutoa pesa, egesha gari tupu mahali tambarare, upime kutoka ekseli hadi chesisi, kushoto na kulia. Na boliti za bushi zikazwe kwa mara ya mwisho gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa ingali juu ya jeki, mpira hujipinda ukachanika mapema, na fundi atakudai tena.