Mgeni njoo, Kasulu ipone

Mji huu wa nyanda za juu za Kigoma umekuzwa na soko. Sasa kwa kuwa lami inasogea na kambi za wakimbizi zinapungua, soko hilo linahitaji watetezi.

Siku ya gulio katika vijiji vya Kasulu huanzia barabarani, jua halijachomoza. Baiskeli zinasukumwa kupanda mlima zikiwa zimefungwa mikungu ya ndizi huku na huku, bodaboda zinapita na magunia ya maharage, na akina mama wanakuja kwa miguu na madumu ya mawese vichwani. Ukungu wa huku juu huwa mzito asubuhi, na watu hutambuana kwa sauti kabla ya kuonana sura. "Mwakeye!" anatangulia mmoja, na mwenzake anaitikia. Salamu ya Waha haina haraka. Ataulizwa mtu habari za nyumbani, za watoto na za shamba, ndipo bei ya kitu itajwe.

Anayetaka kuifahamu Kasulu aanzie hapo. Ofisi za serikali zipo, chuo cha ualimu kipo, na makao ya Dayosisi ya Anglikana ya Western Tanganyika yapo hapa tangu ilipoanzishwa mwaka 1966. Lakini kinachomtoa mkulima kijijini na kumleta mjini ni soko. Maharage hupimwa kwa sado na debe. Pembeni yake kuna makopa ya muhogo, dagaa na migebuka kutoka Ziwa Tanganyika, chumvi ya Uvinza, kahawa na tangawizi kutoka Buhigwe, na vitenge vilivyovuka ziwa kutoka Kongo. Ukiitazama meza moja tu, umeuona mkoa mzima na majirani zake.

Watu wa safari

Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu zaidi ya 208,000 katika Halmashauri ya Mji wa Kasulu, wengi wao wakiishi kwa jembe katika kata za pembeni. Wenyeji ni Waha, na karibu na mji iko Heru Juu, yalikokuwa makao ya watawala wa milki ya Heru. Miaka ya mwisho ya ukoloni kiti hicho kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, wakati ambapo wanawake wenye mamlaka ya namna hiyo walikuwa wachache mno Tanganyika nzima. Milki nyingine za Buha, nchi ya Waha, nazo hazijafutika: Muhambwe ni jina la jimbo la uchaguzi huko Kibondo, na Buyungu lilikuwa jina la jimbo huko Kakonko kwa miaka mingi.

Waha wanajua maana ya kuhama na kuhamishwa. Kodi ya mkoloni iliwapeleka vijana wengi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakiwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, na Buha ikawa moja ya maeneo kiliyoyategemea sana. Nyumbani nako, Waingereza walivihamisha vijiji na kuwakusanya watu pamoja ili kuwaepusha na malale yaliyoenezwa na mbung'o. Baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 1970, ikaja Operesheni ya kuwaweka watu katika vijiji vya ujamaa. Koo nyingi za hapa zina babu aliyekwenda mkongeni au bibi aliyeacha mashamba ya wazee wake. Ndiyo maana mtu anayeingia kijijini na mzigo kichwani haonekani kuwa kiumbe wa ajabu.

Wageni walipokuwa wengi

Wageni wamekuja kwa makundi makubwa. Warundi walikimbia mauaji ya mwaka 1972, wakaja tena baada ya 1993. Mwaka 1996 vita vya Kongo viliwaleta watu wa Kivu Kusini, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika eneo la Makere. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena. Maelfu walijazana katika kijiji cha Kagunga ufukweni, kipindupindu kikawaingia, na meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma, kisha mabasi yakawapandisha hadi Nyarugusu. Kwa muda mfupi kambi hiyo ikawa miongoni mwa kubwa zaidi duniani.

Mzigo ulikuwepo, na si haki kuuficha. Misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni na ujenzi, akina mama wa vijijini wakalazimika kwenda mbali zaidi kutafuta kuni. Silaha zilivuka mpaka pamoja na watu, na kwa miaka kadhaa mabasi ya njia ya Kasulu na Kibondo yalipita porini yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Waliopoteza ndugu kwa ujambazi huo hawajasahau.

Hata hivyo, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sokoni msemo huo ulitimia. Mkimbizi alipewa mgawo wa unga wa mahindi, njegere na mafuta. Akitaka ndizi, muhogo, dagaa au mboga za kubadili mlo, aliuza sehemu ya mgawo. Mkulima wa Makere aliyezoea kumsubiri mlanguzi wa mjini akapata mnunuzi mlangoni kwake. Vijana walipata kazi kwenye mashirika, wenye nyumba wakapata wapangaji, mafundi cherehani kutoka Kongo wakawashonea wenyeji nguo za harusi. Watoto wa pande zote mbili walikua wakijuana kwa majina.

Kisha milango ikaanza kufungwa. Mpango wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wa kuwapa baadhi ya wakimbizi fedha taslimu, ili wanunue chakula chao wenyewe, ulisitishwa mwaka 2017. Mwaka 2019 masoko ya pamoja, ambako wenyeji na wakimbizi walikutana, yalifungwa. Viongozi walitaja usalama, na kwa wilaya ya mpakani hoja hiyo ina uzito. Lakini biashara haikufa, ilihamia vichochoroni. Mkimbizi akalazimika kuuza kwa kujificha, kwa bei ya mwenye shida, na mama wa Makere akarudi kumsubiri mlanguzi. Halmashauri nayo ikapoteza ushuru wa meza. Sokoni penye mizani, taa na askari, mhalifu huonekana upesi. Gizani haonekani.

Lami na soko

Leo mambo yanabadilika tena. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na eneo lake likawa la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mtendeli ya Kakonko ikafuata mwaka 2021. Tangu Septemba 2017 zaidi ya Warundi 100,000 wamerejeshwa kwao kutoka kambi za Kigoma, na maelfu ya Wakongo wamehamishiwa Marekani. Umeme wa gridi ya taifa uliingia mwaka 2022 baada ya miaka ya majenereta ya dizeli. Barabara ya Kidahwe hadi Kasulu, kilomita 63, na ile ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, zinaiunganisha nchi hii ya milima na Kanda ya Ziwa upande mmoja na Burundi upande wa pili.

Ni neema kubwa, lakini lami hupitisha magari tu. Lori linaweza kupakia maharage shambani kwa lumbesa, likaondoka bila kumwachia mkulima bei ya haki wala kuiachia Kasulu kitu. Kinachomlinda mkulima ni soko lenye paa, ghala kavu, mizani iliyokaguliwa na bei inayotajwa hadharani. Manyovu, Mabamba na njia nyingine za mpakani zinahitaji masoko ya namna hiyo, ambako Mrundi na Muha watauziana mchana kweupe kama ndugu wa lugha zinazosikilizana. Na wakati kuna wakimbizi waliobaki Nyarugusu, soko la pamoja lifunguliwe chini ya ulinzi, kwa siku zinazojulikana.

Mama wa Makere akiuza gunia lake kwa bei nzuri, sare za shule zinanunuliwa, duka la mjini linauza, na ushuru unafika halmashauri. Watu wa Kasulu wanaijua hesabu hiyo kwa sababu wameiishi. Kilichobaki ni wapangaji wa bajeti kuiweka mbele.