Paa Kuukuu Dunda Hupata Mnunuzi Kabla Halijashuka

Mwezi wa pili, masika yakiwa bado kidogo, Dunda husikika nyundo. Wenye nyumba wa upande huu wa pwani wa Bagamoyo huwahi kubadilisha mabati kabla mvua za Machi hazijawakuta, na waliochelewa hungoja Juni. Chumvi ya bahari hula bati upesi. Bati jembamba la geji 32 huanza kutoboka kwenye misumari na kwenye maungio, wakati bati la aina hiyo hiyo Chalinze, mbali na bahari, bado linang'aa.

Marekani, kazi ya namna hii huanza kwa simu ya kukodi kontena la taka. Linashushwa mbele ya nyumba, mafundi wanatupa ndani yake kila wanachobandua, kisha lori linakuja kulichukua. Biashara hiyo ilishika kasi baada ya George Dempster wa Knoxville, Tennessee, kuleta miaka ya 1930 makontena ya chuma yanayoinuliwa na lori lenyewe. Dunda hutaliona kontena hilo kwenye mlango wa mtu anayeezeka, na sababu si umaskini tu. Sababu iko kwenye mizani.

Nyumba nyingi za Marekani zimeezekwa vigae vya lami. Mita moja ya mraba ya vigae hivyo ina kilo 10 na zaidi, kwa hiyo paa la mita za mraba 180 hushusha karibu tani 2 za uchafu ambao wanunuzi wake ni wachache. Bati la geji 30 halifiki hata kilo 3 kwa mita ya mraba. Paa la ukubwa ule ule likishuka Dunda ni takriban nusu tani, na mnunuzi wake huenda alishapita jana kuuliza.

Kwanza hutazamwa mabati yanayoweza kufanya kazi tena. Yenye matundu machache huzibwa kwa lami na kwenda kuwa uzio, choo cha nje, banda la kuku au kibanda cha mama lishe. Yaliyolika hupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yakapimwa kwa kilo, yakaishia kuyeyushwa. Bati hulipwa chini kuliko chuma kizito kwa sababu ni jembamba, lina kutu na limepakwa zinki. Papi na kenchi zilizoliwa na mchwa huwa kuni. Hata misumari ina mwenyewe: vijana wa deiwaka hukaa kivulini na nyundo, wanaing'oa kwenye papi, wanaigonga juu ya jiwe mpaka inyooke, iliyokatika wanaitupa kwenye kopo la rangi.

Anayelipwa kuhamisha ni mwenye guta, toyo au kirikuu, na hesabu yake ni tripu. Bei hutegemea umbali, nani anapakia, na kama gari linarudi tupu. Kwa paa la bati kirikuu hutosha. Makuti ndiyo yanayowapiga chenga wengi. Ni mepesi lakini hujaa, gari linaonekana limefurika na uzito haupo, na wenye mabanda ya ufukweni, ambao hubadilisha makuti kila baada ya miaka michache, hulipia tripu nyingi kwa mzigo usiouzika popote.

Ugomvi mkubwa wa biashara hii hauhusu usafiri. Unahusu swali moja ambalo wengi hulisahau siku ya kupatana: mabati ya zamani ni ya nani? Mafundi wengine hushusha bei ya kazi wakijua watayachukua wao, wengine hawasemi kitu mpaka jioni kirikuu inapokuja. Mwenye nyumba angefanya hesabu yake mapema. Bati la mita 3 la geji 30 lina kilo 7 hivi likiwa jipya, pungufu likiwa limelika. Mwenye mabati 70 ana karibu nusu tani juu ya kichwa chake, na hiyo si zawadi ya kumpa fundi bila kuipima. Mnunuzi wa skrepa naye aulizwe kibali, maana kuchukua mali kwa asiye na kibali ni kujitafutia maelezo polisi siku nyaya au mifuniko ya watu ikipotea mtaani.

Hesabu hizi zote hubadilika ukiingia kwenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Paa la kale la huko ni bapa: boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa. Boriti ndizo zilizoamua upana wa chumba, kwa kawaida mita 3 hivi. Chumba cha mita 3 kwa 5 chenye paa la unene wa sentimita 25 kina kifusi cha tani 6 au zaidi, yaani chumba kimoja kinashinda mapaa kumi ya bati. Hapo kirikuu haisaidii, linatakiwa tipa, na tipa halipiti kwenye vichochoro. Mkokoteni hubeba mpaka barabara kubwa, na mwenye nyumba hulipa mara mbili. Afueni ni kwamba kifusi cha chokaa kina soko: wenye viwanja vya mabondeni hukihitaji kujazia. Lakini nyumba ya aina hiyo huenda inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa hiyo kabla ya kubomoa boriti ya kwanza, ofisi ya Mambo ya Kale iulizwe. Mawe na boriti nzima zibaki kwa ukarabati. Siku hizi boriti nzuri haipatikani kirahisi.

Kuna paa moja tu lisilofaa kuuzwa kabisa, nalo kuliondoa ni ghali. Ni asbesto, lile la kijivu la mawimbi mapana, la majengo ya miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema aina zake zote husababisha saratani. Likivunjwa kwa nyundo hutoa vumbi linaloingia mapafuni, na likiuzwa kwa mfugaji wa kuku hatari inahamia kwake. Huloweshwa maji, hushushwa zima, hufungwa kwenye nailoni nzito, na huenda mahali palipoelekezwa na wataalamu wa afya wa halmashauri na mamlaka ya taifa ya mazingira. Mwenye jengo la namna hiyo aziulize ofisi hizo kwanza, aandike gharama hiyo kwenye makadirio, ndipo aende dukani kuulizia bei ya bati jipya.