TAARIFA KWA WANANCHI: Kuvuta Sigara za Kielektroniki Wakati wa Kuendesha Gari

Wananchi, na hususan watumishi wa Serikali wanaokwenda Uingereza kwa masomo au kuzuru jamaa, wanaarifiwa juu ya jambo ambalo aghalabu hufahamika sivyo: je, dereva aruhusiwa kuvuta sigara ya kielektroniki hali ya kuwa ameshika usukani?

Nchini humo hakuna kifungu kinachoutaja uvutaji huo kwa jina na kuukataza kwa dereva. Wengi huishia hapo, wakadhani kuwa kisichotajwa kimehalalishwa. Sivyo hata kidogo. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya mwaka 1988 kinamtia hatiani kila aendeshaye bila ya hadhari na uangalifu upasao, wala hakiulizi ni kitu gani kilichompotezea uangalifu huo. Wingu la mvuke likitanda mbele ya kioo, tayari pana hoja ya kumshitaki. Adhabu ya papo kwa papo ni pauni 100 na alama 3 katika leseni. Shauri likifikishwa mahakamani, alama huweza kufika 9, faini haina kikomo, na dereva aweza kuzuiwa asiendeshe. Mgeni naye yumo: leseni ya kwao humpa ruhusa ya kuendesha kwa muda usiozidi miezi 12, lakini haimwondolei dhima.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Gari iendayo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva aliyepofushwa na mvuke kwa sekunde 2 tu huwa amekwenda mita 33 bila ya kuona njia, na mtoto atokeaye nyuma ya basi hahitaji hata nusu ya masafa hayo. Tena mvuke huo huacha utando mwembamba ndani ya kioo. Usiku, taa za gari zinazokuja humetameta juu yake na kumtia kiwi dereva.

Kuhusu abiria, tangu tarehe 1 Oktoba 2015 ni kosa katika England na Wales kuvuta tumbaku ndani ya gari la binafsi lililoezekwa ikiwa yumo aliye chini ya miaka 18, hata madirisha yakiwa wazi. Sheria hiyo ilipotungwa haikuzigusa sigara za kielektroniki. Huo ni upungufu, kwani mvuke nao aghalabu huwa na nikotini, na mtoto aliyekaa kiti cha nyuma hana pa kukimbilia.

Wanaosafiri kwenda Singapore wajue kuwa huko kumiliki chombo hicho pekee ni kosa tangu Februari 2018, gari iwepo au isiwepo.

Kadhalika, chombo hicho hutumia betri ya lithiamu, ambayo joto kali huweza kuiripua. Kisiachwe juu ya dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani.