Vali inayoinyima ioni gesi
Protoni zote zinazogonganishwa CERN, pale mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, zinatoka kwenye mtungi wa haidrojeni. Tangu 2020 zinaanzia mashine ya Linac4, na shughuli pevu iko kwenye vali ya gesi. Ndani mna kipande cha piezo: ukikipa umeme kinajipinda kidogo tu, tundu linafunguka, gesi inapenya, linajifunga. Kufumba na kufumbua.

Sasa, kwa nini gesi isiachwe itiririke tu? Ikipungua, plazma haiwaki, sawa. Lakini ikizidi ndiyo balaa. Ioni za Linac4 ni haidrojeni yenye elektroni moja ya ziada, tena imeshikwa kilegevu mno. Ioni ikigonga molekuli ya gesi njiani, elektroni ile inachomoka. Inabaki atomu isiyo na chaji, na umeme hauwezi tena kuisukuma.